Tupeane uzoefu: mliowahi kuzunguka Ulaya na mwenza wako kwa hema au gari la kulala

MamaTumaini
Habari zenu wapendwa. Mwezi wa tano, Mungu akijalia, mimi na mume wangu tunavuka Dover kwenda Calais, na tumejipangia miezi mitano njiani: Ufaransa, Uhispania, Ureno, Italia, halafu Albania hadi Ugiriki. Tumenunua gari la mizigo tukalitengeneza wenyewe. Kitanda kimo, jiko la gesi la pleti mbili, tanki la maji, sola juu, hata televisheni ndogo imo. Hema tutalibeba kwa ajili ya siku za joto.

Miaka 19 hapa Uingereza mwenzangu amefanya kazi za usiku, mimi za mchana. Tumelea watoto watatu kwa kupishana mlangoni. Sasa wamejitegemea, na nataka kukaa na mume wangu. Lakini naogopa kidogo, maana sijawahi kukaa naye saa 24 kwa wiki mbili mfululizo. Yeye ana pasipoti ya Uingereza, mimi bado ya Tanzania, viza ya Schengen (zile nchi za Ulaya zisizokaguana mipakani) nimepata ya kuingia mara nyingi. Mliotangulia, tuambieni mambo yalivyowakuta.

Mzururaji_Mtwara
Dada, anza na hesabu ya siku. Ni 90 ndani ya siku 180 zozote, na shemeji naye zinamhusu tangu Uingereza ijitoe Umoja wa Ulaya. Siku ya kuingia inahesabiwa, ya kutoka pia. Miezi mitano ni siku kama 150, kwa hiyo 60 hivi mzitumie nje ya Schengen: Albania, Montenegro, Bosnia, Serbia. Kroatia msiiweke humo, iliingia Schengen Januari 2023.

Sisi tuliumia hapo. Tulitumia siku 84, tukapanda feri Bari kwenda Durrës, tukakaa Albania mwezi mzima tukiamini hesabu inaanza upya. Mpakani Kakavia afisa wa Kigiriki akahesabu mihuri taratibu, akatuonyesha vidole sita: siku sita tu zimebaki. Meteora, zile nyumba za watawa juu ya majabali huko Ugiriki, mke wangu alikuwa ameiota tangu siku tuliyonunua gari. Hatukuiona. Tuliteremka Igoumenitsa, tukavuka na feri hadi Ancona, na siku zilizobaki tukazimaliza barabarani mpaka Calais. Alilia Italia nzima, nami sikuwa na la kumwambia kwa sababu hesabu niliifanya mimi. Na tangu Oktoba 2025 mfumo mpya wa mipakani unaandika siku zako kwa kompyuta, pamoja na alama za vidole.

Nyakanga wa Bergen
Mama Tumaini, mimi nitakujibu hilo la kukaa na mtu saa 24.

Tunaishi Norwe. Hapa sheria ya mwaka 1957 inakuruhusu kupiga hema porini bure, alimradi uwe mita 150 au zaidi kutoka nyumba ya mtu, na usizidi usiku mbili mahali pamoja bila ruhusa ya mwenye eneo, isipokuwa milimani au mbali sana na watu. Moto wa kuni msituni na karibu yake ni marufuku kuanzia 15 Aprili hadi 15 Septemba. Mimi na mwenzangu tulienda kaskazini, Julai, jua halizami kabisa. Siku ya pili mvua ikaanza, ikanyesha siku tatu. Hema la watu wawili, nguo mbichi, mtandao hakuna. Tuligombana kwa sababu ya kigingi kimoja cha hema, tena ugomvi wa kweli, nikamgeuzia mgongo.

Siku ya tatu, saa ambayo hata sijui ilikuwa usiku au mchana, akaanza kuongea mwenyewe. Akanisimulia habari za baba yake, aliyezikwa Songea yeye akiwa huku hana nauli. Jinsi alivyoenda kazini siku ile ile ya mazishi asimwambie mtu. Miaka 11 ya ndoa sikuwahi kulisikia jambo hilo. Nyumbani angeinuka akaenda kuwasha kitu sebuleni. Mle hapakuwa na pa kwenda.

Kapteni Unga
Gesi: mitungi na vichwa vyake vinatofautiana nchi na nchi, wa Uingereza hamtabadilishiwa Uhispania. Wekeni tanki la kujaza vituoni, na adapta zake. Ureno unga mweupe wa mahindi upo madukani, wanaokea mkate wa broa. Ugali wake ni mzuri kabisa, tumeupika ufukweni na dagaa wa kuchoma.

Bi Rehema
Italia msiingize gari katikati ya miji ya zamani, Florence hasa. Kuna kamera. Sisi faini ilitufuata nyumbani miezi kadhaa baadaye.

MamaTumaini
Asanteni sana. Mzururaji, nimenunua daftari la siku, na Meteora tumeivuta mbele, tutaanza nayo kabla ya Albania. Mpe pole mkeo.

Nyakanga, habari yako nimemsomea mume wangu jikoni. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akachukua bisibisi, akaenda nje kuing'oa televisheni.