Ulimi wa baba umepinda, naombeni dawa ya kiharusi

Sauda_W: Shikamooni wakubwa. Baba ana miaka 61. Tangu Ramadhani maneno yanamkwama, akinywa maji anapaliwa, akitoa ulimi unaelekea kushoto. Mkono na mguu vizima. Nani anajua dawa nzuri ya kiharusi?

Kobe Mzee: Pole binti. Kaka yangu alianza hivyohivyo, presha akaipuuza, tukamzika. Punguzeni chumvi jamani!

Chande: Supu ya pweza, atahutubia.

Nesi Mstaafu: Mwanangu, kiharusi huja ghafla. Hiki kimeanzaje? Aliwahi kuugua nini kichwani au shingoni?

Sauda_W: Kimekuja polepole. Alikuwa na saratani nyuma ya pua, 2015 akapigwa mionzi mara 35, akapona. Hayo yalishapita. Kuna mzee anakanda shingo kwa mafuta ya moto, tumeshampa nusu ya hela, anaanza Jumamosi. Wengi wamepona kwake.

Nesi Mstaafu: Hayajapita. Hata miaka mingi baada ya mionzi, nyama za shingo huweza kukakamaa na mishipa ya fahamu kuharibika, ukiwemo wa ulimi. Mishipa ya damu hapo nayo huweza kuziba taratibu, kwa hiyo asikandwe. Apigwe picha ya MRI, ya kuona ndani ya kichwa na shingo, achunguzwe puani kwa kamera, ijulikane kama saratani imerudi au la.

Bwana Shaka: Akaunti ya jana, mganga, nusu ya hela. Subirini namba ya simu.

Sauda_W: Namba sina. Nusu ya ulimi imesinyaa, na ukiwa umetulia mdomoni unachezacheza wenyewe. Wali unabaki shavuni, anautoa kwa kidole. Nitunge hayo nipate nini?

Mama Wawili: Huyu hatungi, mume wangu yuko hivyo. Tulifundishwa akae wima, ameze tonge dogodogo, asiongee akila. Akipata homa na kikohozi mkimbize, chakula kinaweza kuwa kimeingia mapafuni.

Sauda_W: Asante dada. Mama Nesi, akikandwa bila moto je? Hela hairudi.

Nesi Mstaafu: Hapana. Rudini kliniki ya saratani na faili lake. Na asing'olewe jino kabla ya kutaja mionzi, taya huweza kukataa kupona. Kumbukumbu ikoje?

Sauda_W: Dukani anarudisha chenji mara mbili kwa mteja mmoja. Tukasema uzee.

Nesi Mstaafu: Kwa miaka 61? Mionzi inaweza kuua sehemu ya ubongo iliyo karibu na sikio, na kwenye picha ikafanana na uvimbe. Mwambie daktari hilo kwanza. Msingoje Jumamosi.

Sauda_W: Tutapanda basi la alfajiri. Yule mzee bado naona angemsaidia, ila nitampigia asije.