Boti za watalii Unguja: vitanda mnatupambia maua, jaketi okozi hamna!

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Mimi na mke wangu tumerudi juzi kutoka visiwani. Tulizunguka Unguja, Mji Mkongwe mpaka Nungwi, tukashuka Paje na Kizimkazi, kisha tukavuka kwenda Pemba. Visiwa vizuri, watu wakarimu, kwa hayo sina neno. Ninachokuja kulalamikia ni kimoja tu: boti ndogo zinazopeleka watalii baharini. Kule kuna watu wanachezea roho za wenzao, na wateja wao wakubwa ni wanandoa wa fungate ambao hakuna anayewaambia ukweli.

Tulilipia kifurushi cha watu wawili kwenda kisiwa kidogo cha Mnemba. Bei tukatajiwa kwa dola, sisi Watanzania, wakati kanuni za 2025 zimekataza kutangaza bei kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Hilo nalipita, wengine wameshalisemea sana. Kifurushi kilikuwa na kila kitu: maua mekundu kitandani, taulo zimekunjwa umbo la bata maji wawili, sinia la matunda, mpiga picha na droni yake. Asubuhi tunafika pwani tunakuta boti ya mbao, injini moja nyuma, abiria wamebanana mpaka nyuma kabisa. Mke wangu hajui kuogelea. Tumekaa tu, akauliza laifu jaketi ziko wapi.

Kijana akavuta kiroba kutoka chini ya benchi. Ndani yake kulikuwa na jaketi chache, zote zimepauka kwa jua. Ya kwanza kifungo cha kiunoni kimekatika. Ya pili ya mtoto. Ya tatu nilipoiminya, sponji ikatoka unga mkononi. Hizo ndizo za boti nzima! Nikasema basi tushushe. Boti imeshasukumwa. Nahodha hata hakugeuka: "Kaka, mwambie shemeji atulie. Bahari shwari hii, hatwendi mbali."

Hatwendi mbali! Kusi, ule upepo mkali wa kutoka kusini, ilikuwa inavuma, na tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa Mamlaka ya Hali ya Hewa huitoa kwa Unguja na Pemba pia, si siri. Ndani ya mwamba wa matumbawe maji yametulia kweli, ukiyatazama kutoka ufukweni huwezi kushuku kitu. Ukitoka nje ya mwamba upande ule wa mashariki, hakuna cha kukukinga na kusi. Nahodha aliyezaliwa pale anayajua hayo kuliko mimi. Mawimbi yakaanza kuingia ubavuni, kijana anakumba maji kwa dumu lililokatwa, mke wangu kaning'ang'ania mkono mpaka kucha zimeingia, na mpiga picha anatuambia tutabasamu. Nilitetemeka kwa hasira, na bado natetemeka nikiandika.

Kizimkazi nako hivyo hivyo. Pomboo wakionekana tu, boti zote zinawakimbilia na kuwazingira, wageni wanaambiwa "ruka, ruka!" huku injini za boti za jirani zinaunguruma na pangaboi zinazunguka hatua chache kutoka kwenye miguu ya watu. Tulikataa kuruka. Tukaonekana sisi ndio wasumbufu.

Najua watakuja watu kuniambia nakuza mambo. Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama usiku ikielekea Pemba. Julai 2012, msimu huu huu wa kusi, MV Skagit ikapinduka karibu na kisiwa cha Chumbe ikitokea Dar. Watu walikufa kwa mamia. Spice Islander ilijazwa kupita uwezo wake, na kwa kuwa wengi hawakuandikwa popote, idadi ya waliokuwemo inabishaniwa mpaka leo. Kuna familia hazikupata hata mwili wa kuzika. Sasa hivi ukipanda boti kubwa ya Dar unaulizwa kitambulisho na tiketi ina jina lako. Kwenye hizi ndogo hakuna aliyeniuliza jina. Tungepinduka pale nje ya mwamba, nani angejua tulikuwa wangapi? Mapokezi wangegundua usiku kwamba kuna chumba hakikulaliwa, basi.

Na msiniambie ni umaskini wa vifaa. Pemba tulikwenda kisiwa cha Misali na mzee mmoja, boti yake kuukuu kuliko ile ya Mnemba. Siku ya kwanza alikataa kabisa kutupeleka, akasema upepo si wa kwenda, hela yenu ipo, njooni kesho. Kesho yake kila mtu alivaa jaketi tukiwa bado mchangani. Akaniambia, "Mfunge mkeo mikanda, kisha nije niikague." Akaja kweli, akanionyesha mkanda mmoja uliolegea, nikaukaza. Wenzake wanashindwa nini?

Hoteli mnaochukua kamisheni kwa kila kichwa mnachopeleka pwani, hili ni lenu pia. Mnaweza kumlipa mtu apange maua kitandani, basi mlipeni mtu aende pwani asubuhi akahesabu jaketi na kuandika majina ya wageni wenu kabla boti haijasukumwa. Na wakaguzi wa vyombo waje ufukweni alfajiri, boti zinapojaza watu.

Hela yangu nimeidai, jibu walilonipa ni kwamba safari "ilifanyika". Naendelea kudai. Wakati huo huo, mwenye kumjua nahodha Nungwi, Matemwe au Kizimkazi anayevalisha abiria wote jaketi kabla ya kuondoka, aseme hapa boti hiyo inapatikana ufukwe gani. Kuna watu wanafunga ndoa mwezi huu na wameshalipia.