Programu ya siku 60 ya mazoezi ya nyumbani: wiki ya pili miguu imegoma, niendelee vipi?

Mpangaji77

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa wanaozijua hizi programu kali za video.

Ni ya siku 60, siku 6 kwa wiki, kila kipindi dakika 45 hadi 50, bila vifaa. Karibu yote ni kuruka, kuchuchumaa, pushapu na kukimbia palepale. Unakwenda dakika 3 mfululizo, unapumzika sekunde 30, unarudia. Umri miaka 34, kilo 86, kazi ya kukaa ofisini, miaka kadhaa bila mazoezi yoyote. Presha na sukari vimepimwa, viko sawa. Naishi ghorofa ya pili, sakafu ni vigae, nafanya saa 1 usiku nikitoka kazini.

Sasa ni wiki ya pili. Mapaja yanauma, ngazi nashuka kwa kushika ukuta. Ugoko unauma upande wa ndani, miguu yote miwili. Video sijaimaliza hata moja, katikati pumzi inakata. Mzani badala ya kushuka umepanda kilo 1.5. Na jirani wa chini ameshaanza kulalamika.

Nikaze tu mpaka mwili uzoee, au kuna namna ya kuipunguza isipoteze maana? Na nikikosa siku moja, nianze upya?

---

Kocha_Uswazi

Usikaze, mkuu. Hapo hujakosa moyo, umekosea dozi.

Piga hesabu: dakika 50 mara siku 6 ni dakika 300 za mazoezi makali kwa wiki. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima apate dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali kwa wiki, na siku 2 za mazoezi ya nguvu. Kuzidisha hapo si kosa kwa aliyezoea. Wewe umetoka kwenye kiti cha ofisi ukaanzia mara mbili ya kiwango cha juu. Wale unaowaona nyuma ya mkufunzi kwenye video hawakuanza mazoezi mwezi uliopita.

Fanya hivi. Video iwe siku 3 kwa wiki, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Wiki mbili za kwanza ishia dakika ya 25, ukihesabu na kupasha mwili moto. Zile dakika 3 mfululizo achana nazo kwa sasa: weka saa ya simu, sekunde 30 kazi, sekunde 30 pumziko, hata kama wenzako kwenye skrini wanaendelea. Wiki ya tatu na ya nne nenda sekunde 40 kazi, 20 pumziko, dakika 30 hadi 35. Wiki ya tano na ya sita jaribu dakika moja na nusu mfululizo kisha sekunde 30 za kupumzika. Video nzima kama ilivyo, iguse kuanzia wiki ya saba. Siku 60 zitageuka 90 au zaidi, na hakuna anayekudai.

Ongeza kitu kimoja kwa wakati: ama dakika, ama siku, ama kuruka. Wengi huongeza vyote wiki moja kwa sababu tu Jumatatu waliamka vizuri, halafu Alhamisi wanaitafuta dawa ya kuchua.

Kuhusu pumzi: unaanza kwa kasi mno. Mzunguko wa kwanza unatakiwa uishe ukiwa bado na akiba. Kipimo rahisi ni mazungumzo. Wakati wa kazi uweze kutoa maneno matatu au manne kwa mkupuo. Ukishindwa hata jina lako, punguza. Ukipenda namba, kadirio la mapigo ya juu ya moyo ni 208 ukitoa umri mara 0.7, kwako ni kama 184. Wiki hizi za mwanzo kaa kati ya asilimia 75 na 85 ya hapo. Shika mshipa wa shingoni mara tu unaposimama, hesabu sekunde 15: ukipata 35 hadi 39 uko sawa. Ukipata 43 na kuendelea, ongeza pumziko.

Na seti inaisha pale umbo linapoharibika, hata kama saa haijalia. Kiuno kikizama kwenye pushapu, magoti yakikutana ndani ukichuchumaa, visigino vikinyanyuka, simama.

---

Fizio_wa_Pwani

Kocha amemaliza upande wa dozi. Mimi niseme maumivu, maana umeyaweka kapu moja na hayafanani.

Mapaja: hayo ni maumivu ya misuli isiyozoea. Huanza siku inayofuata, hupamba moto kati ya saa 24 na 72, kisha hupungua. Husababishwa hasa na misuli kubeba mzigo huku ikirefuka, yaani ile sehemu ya kushuka kwenye kuchuchumaa na ya kutua baada ya kuruka. Ndiyo maana kushuka ngazi kunakuuma kuliko kupanda. Ile hadithi kwamba maumivu haya huletwa na asidi iliyobaki kwenye misuli iacheni, wakuu. Hiyo husafishwa ndani ya saa moja hivi baada ya mazoezi. Kujinyoosha hakuondoi maumivu haya kwa kiasi cha maana. Tembea dakika 15 hadi 20, lala vya kutosha, na zoezi lilelile ukilirudia kwa kiasi kidogo baada ya siku chache litauma pungufu kuliko mara ya kwanza.

Ugoko ndio unaonitia wasiwasi. Kaa, pitisha kidole kwenye ukingo wa ndani wa mfupa, kuanzia juu ya kifundo cha mguu kwenda juu. Kama eneo linalouma ni refu, sentimita 5 au zaidi, mara nyingi ni utando wa mfupa na misuli inayoshikia hapo vimechoshwa na kutua kwenye sakafu ngumu. Kama ni nukta moja unayoweza kuifunika kwa ncha ya kidole, au inauma usiku ukiwa umelala, au unachechemea ukitembea kawaida, acha kuruka leo na nenda ukaonwe. Inaweza kuwa ufa mdogo wa mfupa, na eksirei ya wiki za mwanzo huweza isiuonyeshe, kwa hiyo picha safi isikupe ruhusa ya kurudi kurukaruka.

Ikiwa ni ile ya eneo refu: wiki 2 bila kuruka kabisa. Wakati huo imarisha misuli ya shavu la mguu. Simama kwenye ukingo wa ngazi, nyanyuka kwa vidole, shuka polepole kwa sekunde 3. Seti 3 za mara 15 magoti yakiwa yamenyooka, kisha seti 3 magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, siku moja ndiyo siku moja hapana. Kurudi kuruka anza na miruko midogo 10 mara 3, na iwe na siku ya kupumzika katikati. Maumivu yakifika 3 kati ya 10 na asubuhi yameisha, endelea. Yakivuka hapo au asubuhi bado yapo, rudi nyuma.

Jambo la mwisho, na hili ni zito. Mkojo ukigeuka rangi ya Coca-Cola, au misuli ikavimba na kukosa nguvu kabisa baada ya kipindi kikali, nenda hospitali siku hiyohiyo. Misuli iliyoharibika kupita kiasi humwaga protini inayoweza kuziba figo. Usijitibu kwa diklofenaki au ibuprofeni, zinaziongezea figo kazi.

---

Mama_Raba

Kwa jirani na ugoko dawa ni moja: toa kuruka, bakiza zoezi.

Kuchuchumaa na kuruka: chuchumaa, ukisimama malizia kwa vidole. Ile ya kupanua miguu na mikono kwa kuruka: piga hatua upande mmoja, rudi, upande mwingine, mikono iende ileile. Ile ya kushuka, kurusha miguu nyuma na kuruka juu: weka mikono kwenye kiti kizito kilichoegemezwa ukutani, rudisha mguu mmoja mmoja, rejesha mmoja mmoja, simama. Kukimbia palepale: inua goti hadi usawa wa nyonga na ukanyage taratibu. Ukiongeza kasi utatokwa jasho kama kawaida, wala usijione umedanganya.

Vigae ukiwa peku au na soksi ni kuteleza tu, jasho likishadondoka ndiyo kabisa. Vaa raba. Yale mazulia ya sponji ya kuunganisha vipande yanasaidia kidogo, lakini kishindo cha kutua kinapita kwenye zege hata ukitandika mawili. Pushapu kama hufikishi 8 safi sakafuni, anzia kwenye meza imara. Ukipata seti 3 za 12 shuka kwenye kiti, halafu ngazi, halafu chini.

Kasoro ya hizi video ambayo hamjaigusa: kusukuma kupo, kuvuta hakupo, na mtu wa kompyuta mabega tayari yameshakwenda mbele. Chukua dumu la lita 5, jaza mchanga mkavu, utapata kama kilo 8. Egemeza mkono mmoja kwenye kiti, mgongo ulale sambamba na sakafu, vuta dumu hadi kiunoni. Seti 3 za 12 kila upande, mara mbili kwa wiki. Kagua mpini kwanza, madumu ya siku nyingi hukatika hapo.

---

SaaKumiNaMoja

Kwa Kocha nina tofauti ndogo. Siku 3 ni sawa kwa mwili, ila kwa mazoea zile siku 4 tupu ndizo zinazompoteza mtu. Ningemwambia saa ile ile siku zisizo na video avae raba, afanye dakika 10 za vitu vyepesi, basi.

Mpangaji, hofu ya kuanza upya ondoa. Ule utafiti wa University College London uliochapishwa 2010 ulifuatilia watu 96 wakijenga mazoea mapya. Muda wa katikati hadi jambo lijiendeshe lenyewe ulikuwa siku 66, wengine 18, wengine ilikadiriwa 254. Zile siku 21 za kwenye mabango hazikuonekana. Na kukosa siku moja hakukuharibu kitu cha maana.

Kwa hiyo ukikosa siku, endelea na inayofuata. Usifidie kwa kufanya mbili. Ukikosa wiki, rudi wiki moja nyuma. Zaidi ya wiki 2, anza na nusu ya pale ulipoachia. Ukiwa na homa, pumzika kabisa.

Funga zoezi kwenye kitu ambacho tayari unakifanya. Ukivua viatu vya kazini, vaa raba palepale mlangoni. Ukishagusa kochi umekwisha. Na video ipakue yote mapema, maana umeme na bando vikigoma saa 1 usiku utapata sababu nzuri sana ya kulala.

---

Kocha_Uswazi

@SaaKumiNaMoja nakubali, kwa sharti hizo dakika 10 ziwe kutembea, kunyoosha nyonga na mabega, pamoja na zile za shavu la mguu alizotoa Fizio. Kuchuchumaa na pushapu zisiingie. Watu huanza na dakika 10 nyepesi, wiki inayofuata ni dakika 30 nzito.

---

Mpangaji77

Shukrani sana wakuu. Nimepima kwa kidole, ni eneo refu kama sentimita 10, usiku haliumi. Nitaacha kuruka wiki 2. Limebaki la mzani, na kula: nikila kabla tumbo linajaa, nisipokula naishiwa nguvu.

---

Fizio_wa_Pwani

Sentimita 10 na usiku kimya, vizuri. Lakini rudia kupima kila wiki. Eneo likianza kujikusanya kwenye nukta moja, sahau habari ya wiki 2 na nenda kliniki.

Mzani: misuli iliyochokozwa hushika maji, na misuli inayofanya kazi huweka wanga mwingi zaidi kama akiba, ambao kila gramu yake hukaa na maji kama gramu 3. Kilo 1.5 kwa wiki mbili ni maji kwa sehemu kubwa. Pima asubuhi baada ya choo, kabla ya chai, kila siku, kisha linganisha wastani wa wiki na wastani wa wiki. Pima na kiuno usawa wa kitovu kwa futi ya fundi cherehani.

---

Mama_Raba

Kula mlo kamili wa mchana, halafu saa 11 jioni ndizi mbivu 2 au kiazi kitamu kimoja. Ugali subiri umalize.

Protini lenga gramu 120 hivi kwa siku kwa kilo zako. Yai lina kama gramu 6, kikombe cha maharage yaliyopikwa 15, glasi ya maziwa 8, kipande cha samaki aliyepikwa cha gramu 100 kati ya 20 na 25. Dagaa wakavu gramu 30 tu wanakupa zaidi ya 15, na ni bei rahisi kuliko zile poda za kwenye makopo. Maji: jipime kabla na baada ya kipindi, kila kilo iliyopungua ni kama lita moja, irudishe taratibu hadi kulala. Kwa joto la Dar usishangae ukikuta imepungua kilo nzima.