Naomba ushauri: masi ya Jua kwa slagi imetoa majibu mawili

Mwalimu_Ujiji
Habari zenu, wanajukwaa. Ninafundisha fizikia kidato cha sita hapa Kigoma, na niliwapa wanafunzi zoezi la kubadili masi ya Jua, ambayo ni kilo 1.9885 × 10^30, iwe katika slagi, kizio kilichomo katika kitabu cha makanika cha Kimarekani tunachokitumia kama ziada. Kundi moja limepata 1.36 × 10^29, na jingine, lililogawa kwa 9.81 (mchapuko wa uvutano wa Dunia katika mita), limepata 2.03 × 10^29. Isitoshe, yupo aliyenakili tarakimu zote kumi za kikokotoo. Nisahihishe vipi?

Fundi_Mwandiga
Mwalimu, kundi la kwanza ndilo lililopata. Slagi ni masi ambayo kani ya ratili moja huipa mchapuko wa futi moja kwa sekunde kwa sekunde, nayo ni sawa na kilo 14.5939, kwa hiyo kilo hugawanywa kwa namba hiyo. Anayependa njia ndefu abadili kwanza kilo kuwa ratili kwa kugawa kwa 0.45359237, kisha agawe kwa 32.174, yaani mchapuko huohuo wa uvutano katika futi, na atafika palepale. Hata hivyo, usilikate kundi la pili alama zote. Kugawa kilo kwa 9.80665 hutoa kizio kingine halali, ambacho wahandisi wa Ulaya waliotumia kilo kama kani walikuwa nacho zamani. Kosa lao ni kukiita slagi.

Nyota_ya_Tabora
Naongezea kuhusu tarakimu, maana hapo ndipo penye utamu. Mizunguko ya sayari hutupa zao la masi ya Jua na kigezo cha uvutano G, ambalo ni takriban 1.32712440 × 10^20 katika mita na sekunde, na linajulikana kwa usahihi mkubwa sana. Ili kupata kilo ni lazima tugawe kwa G, yaani 6.6743 × 10^-11, ambayo hupimwa maabara kwa taabu na ina shaka ya sehemu 22 hivi katika milioni. Shaka hiyo, ukiihamishia kwenye Jua, inazidi masi ya Dunia saba! Kwa hiyo, jibu la slagi liishie 1.363 × 10^29. Tarakimu nyingine za kikokotoo ni mapambo tu.

Mwalimu_Ujiji
Nawashukuru sana, ndugu zangu. Je, huyu wa tarakimu kumi nimpe swali gani ambalo usahihi wake utakuwa na kazi?

Nyota_ya_Tabora
Mwambie atafute Jua ni sawa na Dunia ngapi. Hapo G hujifuta juu na chini, jibu huwa takriban 332,946, na halibadiliki hata akitumia kilo, ratili au slagi, mradi kizio kiwe kimoja pande zote mbili.