Tupeane uzoefu: albamu ya kwanza ya Death, «Scream Bloody Gore», ilikufikiaje?

Ndugu wapenzi wa muziki mzito, ninaomba tupeane uzoefu kuhusu albamu moja tu: «Scream Bloody Gore» ya Death, kundi la Marekani la death metal (tawi kali la metal lenye uimbaji wa kunguruma), iliyotolewa na kampuni ya Combat Records mwezi Mei 1987. Wengi wetu tulianza na kazi za baadaye za Death, zenye ufundi mwingi, kisha tukarudi nyuma na kuikuta hii, ambayo Chuck Schuldiner, kiongozi wa kundi, aliyetimiza miaka 20 mwezi huohuo, aliimba, akapiga magitaa yote na besi, huku Chris Reifert akipiga ngoma. Jina la John Hand limo kwenye orodha ya wanamuziki, lakini hakurekodi chochote. Kazi ilianza Florida, kampuni haikuridhika nayo, ndipo ikarekodiwa upya California chini ya mtayarishaji Randy Burns. Kila anayechangia aeleze jinsi ilivyomfikia na ilichobadilisha katika usikilizaji au upigaji wake.

Mchangiaji wa Nairobi, mpiga gitaa:
Rafiki yangu alininakilia kwenye flashi, bila jalada wala maelezo yoyote. Wakati huo nilikuwa ninahangaika na nyimbo za «Human», albamu yao ya 1991, na vidole vilikuwa vinagoma. «Zombie Ritual» ndio wimbo wa kwanza wa Death nilioweza kuupiga mwanzo hadi mwisho. Unaanza kwa melodi ya taratibu inayotisha, kisha mwendo unabadilika ghafla, lakini kila kipande hurudiwa kiasi cha kutosha sikio likishike kabla ya kingine kuingia. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo sababu albamu hii ilizaa wanafunzi wengi kuliko kazi nyingine zilizo bora kuliko hiyo: ukiisikiliza kwa makini, unaona mishono yake, kama nguo iliyogeuzwa nje ndani, na unaanza kufikiri kwamba hata wewe unaweza kushona. Mpaka leo kijana akinijia kutaka kujifunza mtindo huu, humwanzishia hapo.

Mchangiaji wa Mombasa:
Kwangu kikwazo kilikuwa maneno ya nyimbo. Nimelelewa katika nyumba ya dini, na majina kama «Baptized in Blood» sikuthubutu kuyataja mbele ya wazazi. Nilitulia nilipotambua kwamba mengi yametoka katika filamu za kutisha ambazo Schuldiner alizipenda. «Evil Dead», kwa mfano, umetokana na filamu ya 1981 yenye jina hilo. Baadaye aliacha kabisa maudhui hayo na kuandika kuhusu jamii na nafsi ya mtu. Mimi husikiliza albamu hii kwa ajili ya gitaa, na maneno nayapita.

Mchangiaji wa Dar es Salaam:
Heshima kwako, mwanzisha mada, lakini hatuwezi kuizungumzia hii bila kundi la Possessed. Albamu yao «Seven Churches» ilitoka 1985, wimbo wake wa mwisho unaitwa «Death Metal», na mtayarishaji wake alikuwa huyohuyo Randy Burns. Nilizisikiliza zote mbili mfululizo ili nipate uamuzi wangu. Katika Possessed bado ninasikia thrash (metal ya kasi iliyotangulia death metal) iliyokazwa hadi mwisho, ilhali katika Death sauti ya mwimbaji, gitaa na mpangilio wa nyimbo tayari vimesimama katika nyumba yao wenyewe. Kwa hiyo mlango naona ulifunguliwa na Possessed, ila wengi waliofuata walijifunza kutembea kwa Death.

Mchangiaji anayeishi Stockholm:
Hapa nilipohamia nilifanya kazi na mzee mmoja aliyewahi kubadilishana kanda kwa posta katika miaka ya 1980. Alinieleza kwamba jina la Death lilikuwa limetangulia albamu, kwa sababu kanda za majaribio kama «Infernal Death» ya 1985 na «Mutilation» ya 1986 zilinakiliwa mkono kwa mkono hadi Ulaya. Baada ya mazungumzo hayo niliisikiliza upya «Left Hand Path», albamu ya kundi la Entombed la Sweden, iliyorekodiwa katika studio ya Sunlight mjini humu na kutoka 1990. Sauti ya gitaa ni ya Wasweden wenyewe, yenye ukwaruzo mzito unaotoka kwenye pedali ya Boss HM-2, lakini kiu ya kutisha na kubadilisha mwendo ghafla ninaitambua.

Mchangiaji wa Kampala, mpiga ngoma:
Mnamsahau Reifert. Schuldiner aliporudi Florida, yeye alibaki California na kuanzisha kundi la Autopsy mwaka huohuo wa 1987, akipiga ngoma na kuimba. Upigaji wake kwenye «Scream Bloody Gore» hauna usafi wa mashine, na mimi niliupenda kwa sababu hiyo; unasikia mtu anayesukuma wimbo kwa mabega. Anayetaka kujua tabia hiyo ilifika wapi asikilize «Mental Funeral», albamu ya Autopsy ya 1991, ambako mwendo hupunguzwa hadi kuwa kama wa kujikokota, kisha hulipuka bila onyo. Niliacha kukimbilia kasi baada ya albamu hiyo, na wenzangu katika kundi walilalamika mwanzoni, ila sasa nyimbo za polepole ndizo wanazotaka tuzifanyie mazoezi kwanza.