Tumeweka mapipa matatu ofisini, taka zinaishia kiroba kimoja. Tufanyeje?

Mleta uzi: Wakuu, habari za jioni. Ofisi yetu iko hapa mjini kati, Mwanza, tuko watu kama arobaini. Mwezi uliopita tuliweka mapipa matatu: karatasi, chupa za plastiki, na taka nyinginezo. Juzi nilichelewa kutoka, nikamkuta dada wa usafi anamimina yote kwenye kiroba kimoja. Kumuuliza, akanijibu kwa upole: "Kaka, gari la taka linabeba vyote pamoja. Nikitenga nimpelekee nani?" Nikakosa jibu. Nikachungulia pipa la karatasi: boksi limelowa mchuzi wa sato, juu yake majani ya chai. Mvua ikinyesha naona chupa zinavyoteremka na Mto Mirongo kuingia ziwani, roho inaniuma. Nianzie wapi?

Mkazi wa Igoma: Mkuu, dada hana kosa. Mlianza na mapipa, mnunuzi mkamsahau. Watafuteni kwanza wanaonunua makopo na maboksi kwa kilo, muwaulize wanapokea nini na watapita siku gani. Ndipo muandike kwenye mapipa. Chupa za maji na soda wanachukua, ila zimwagwe maji kwanza. Pakiti za biskuti na vifuko laini wanunuzi wengi hawagusi, hizo ziende kwenye taka za kawaida.

Mama wa Kirumba: Shida yenu kubwa ni chakula, mwanangu. Karatasi ikishaingia mafuta haifai tena. Kazini kwetu tuliondoa vindoo vyote vya chini ya meza, mtu akitaka kutupa anyanyuke. Ugali, wali na maganda vina ndoo yake yenye mfuniko pale kwenye sinki, jioni mfuga nguruwe anaifuata. Na hela ya makopo mpeni yote dada wa usafi. Ndiye anayeinama.

Fundi umeme: Taa za tyubu zikiungua msizivunje, zina zebaki, madini yenye sumu. Zitengeeni boksi, betri nazo mbali na makopo.

Mleta uzi: Asanteni sana. Kesho naanza na dada mwenyewe, bosi baadaye. Mama, hiyo ndoo ya mabaki haijazi nzi kwa joto hili?

Mama wa Kirumba: Hailali ofisini. Mfugaji anakuja na ndoo safi, anaiacha, anabeba iliyojaa. Ikifika saa kumi sijamwona, nampigia.