Habasoda: sativa au damascena, trei au tuta?

MpendaMaua: Wadau, nataka kuotesha habasoda nipate mbegu zangu mwenyewe za kutumia nyumbani. Nina pakiti mbili, Nigella sativa na Nigella damascena. Nichague ipi? Na nianzie kwenye trei au nisie moja kwa moja kwenye tuta?

MamaBustani: Mbegu za dawa na viungo ni za sativa. Damascena hupandwa zaidi kwa ajili ya mapambo. Ni zuri mno, ua la buluu lililozungukwa na vijani vyembamba kama nyuzi. Sativa haina hizo nyuzi, na maua yake ni meupe au buluu hafifu. Ukipanda zote weka alama mapema, maana miche inafanana na mbegu zote ni nyeusi.

UdongoMwekundu: Trei naikataa kabisa. Habasoda hushusha mzizi mkuu mapema, ukiugusa mche unadumaa. Tifua tuta mahali penye jua la kutosha, pasipotuama maji. Sia, funika kwa udongo usiozidi sentimita 1, nyunyizia taratibu. Zitaota ndani ya wiki moja hadi mbili. Kisha punguza miche, acha nafasi ya sentimita 15 hivi. Watu wengi huona huruma kung'oa, matokeo yake mimea inasongamana na vitumba, yaani vifuko vya mbegu, vinakuwa vidogo.

Kijani: Mkuu, mvua kubwa ikipiga tuta mbegu zote zinasombwa. Vikopo vya karatasi vinafaa, kwa sababu mche unaingia ardhini na kikopo chake.

UdongoMwekundu: Hapo sawa, mradi kikopo kiwe kirefu na mche uhamishwe ukiwa bado mdogo.

MpendaMaua: Na hizi zinazouzwa kama viungo zinaota?

MamaBustani: Zisipokuwa zimekaangwa wala kukaa sana, huota. Tandaza chache kwenye kitambaa kibichi uone kwanza. Wakati wa kuvuna usichelewe: vitumba vikigeuka kahawia kata, ning'iniza vichwa chini ndani ya mfuko wa karatasi. Vikipasuka shambani mbegu zinamwagika zote.

Kijani: Dada, niongeze la matumizi. Mjamzito, au anayemeza dawa za sukari au presha, amuulize daktari kabla ya kuitumia kama tiba. Habasoda inaweza kushusha sukari na presha, na dawa anazomeza mgonjwa tayari zinafanya kazi hiyo.